Kwa nini kurudi kunatutatiza kuliko kwenda

Wastani wangu wa mwisho ni 1.3. Niliutuma kwa simu siku matokeo yalipotoka, na kule nyumbani Muheza, mkoani Tanga, hakuna aliyejibu mpaka jioni. Kisha mjomba, mwalimu mstaafu, akapiga. Alinisalimia kwa upole kuliko kawaida yake, akauliza habari za afya, za baridi, za chakula, ndipo akasema: “Mwanangu, mitihani ni mitihani. Utarudia.”

Katika vyuo vikuu vya Tanzania GPA, yaani wastani wa alama, huhesabiwa kupanda hadi 5.0, na daraja la kwanza la shahada ya kwanza huanzia 4.4. Mwenye 1.3 ameshindwa. Ujerumani hesabu inashuka: 1.0 ndiyo juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho kufaulu, na 5.0 ni kufeli. Nilipomweleza mjomba hayo alicheka kwa kupumua, kisha akaniagiza nitafute karatasi rasmi inayoeleza jambo hilo, maana wenye kuajiri watasoma kama yeye alivyosoma.

Nimeanza na namba hiyo kwa sababu imebeba jambo lililonichukua karibu miaka mitatu kulielewa. Tukikutana wanafunzi wa Afrika Mashariki hapa Leipzig, Ujerumani, mazungumzo huishia palepale: Wajerumani ni wakavu, wana roho ya saa, sisi tuna utu, ila hatujali muda. Siku hizi, nikiwa nafunga mabegi, naona sentensi zote mbili zinapotosha. Tabia ya watu haielei hewani. Imeegemea kitu: sheria, bima, ratiba ya tramu, barabara, idadi ya ndugu. Anayeitazama tabia peke yake ataisoma kinyume kama 1.3 yangu, na anayerudi nyumbani akiwa ameibeba bila kile ilichoegemea ndiye anayeteseka zaidi.

Saa na kinachoishikilia

Wiki ya pili mwanafunzi mwenzangu alinialika kahawa. Akasema tukutane “halb drei”. Kijerumani changu kilikuwa cha miezi sita. Nilijua halb ni nusu na drei ni tatu, nikajipanga kwa tatu na nusu ya mchana kwa saa yao, yaani saa tisa na nusu yetu. Kumbe Mjerumani hahesabu nusu iliyopita baada ya tatu, anahesabu nusu iliyobaki kuifikia. Halb drei ni saa nane na nusu mchana. Sisi tunaohesabu saa tangu jua kuchomoza tuna hesabu mbili za kufanya hapo, na mimi nilifanya moja. Nilimkuta ameshaondoka. Baadaye nilijua kwamba kosa la lugha alinisamehe mara moja. Kilichomuumiza ni simu yangu kukaa kimya saa nzima.

Hilo lilinifungua macho. Chuoni ratiba huandikwa saa, kisha herufi mbili: c.t. au s.t. Ni kifupi cha Kilatini. Darasa la saa 10 c.t. linaanza 10:15, la s.t. linaanza 10:00 kamili. Kwa hiyo watu hawa wanaosifiwa kwa kutochelewa wamejiwekea robo saa halali ya kuchelewa, wakaiandika kwenye ratiba, na profesa mwenyewe anaitumia. Na treni zao? Mwaka 2024 ni asilimia 62.5 tu ya treni za masafa marefu za shirika lao la reli zilizofika kwa wakati, na hapo treni iliyochelewa chini ya dakika sita huhesabiwa kuwa imewahi. Wajerumani wanaishi na ucheleweshaji kila siku. Wasichovumilia ni kutojulishwa, kwa sababu maisha yao yamefungwa kwa miadi. Daktari ni miadi, ofisi ya mji ni miadi, kinyozi ni miadi, hata kumtembelea rafiki ni miadi. Mnyororo huo ukikatika pete moja, watu kumi nyuma yake wanaumia.

Sasa fikiria stendi ya Muheza. Gari la Tanga mjini linaondoka likijaa. Abiria aliyefika saa mbili kamili na aliyefika saa mbili na robo wanaondoka pamoja. Anayekuja mapema zaidi hapati faida yoyote ila kukaa juani muda mrefu. Mtu mwenye akili timamu katika mazingira hayo hujifunza kungoja na watu, wala hajifunzi kukimbizana na dakika. Mimi nilianza kuwahi ndani ya mwezi mmoja wa kuishi Leipzig, na sikubadilika moyo hata kidogo. Tramu ilikuwa inaondoka nikiwemo nisiwemo, basi.

Wala si kweli kwamba kwetu hakuna kinachokwenda na saa. Hakuna aliyewahi kuchelewa kufuturu. Maziko yakitangazwa baada ya Adhuhuri, watu wamejaa kabla ya adhana. Basi la alfajiri la kwenda Dar halimngoji mtu, na kila mmoja anajua. Shangazi yangu anauza vitenge kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Tangu treni ya umeme ilipoanza kwenda huko mwaka 2024 anafika stesheni saa nzima kabla. Ni shangazi yuleyule ambaye vikao vya harusi humngoja mpaka giza linaingia. Kilichobadilika ni chombo anachopanda.

Jumapili nayo ilinifundisha kwa njaa. Jumapili yangu ya kwanza sikukuta duka la chakula lililo wazi, nikala wali na chumvi. Nilidhani ni ucha Mungu, katika mji ambao makanisa yake hayajai. Kumbe ni katiba: ile ya 1949 ilichukua ibara kutoka katiba ya 1919 inayoilinda Jumapili kuwa siku ya mapumziko. Watu wengi hawasali tena, lakini sheria bado inawapumzisha wauza duka.

Maneno makavu

Inasemekana Wajerumani hawasalimu. Ingia chumba cha kungojea daktari uone. Kila anayefungua mlango anasema “habari za asubuhi” kwa chumba kizima, na chumba kizima kinaitikia, hata kama hakuna anayemjua mwenzake. Akiondoka anaaga. Katikati hapo ni kimya kizito, na kimya hicho ndicho sisi tunachokiona tukasahau salamu. Kwao salamu ni mlango: ukishapita, umepita. Kwetu salamu ni chumba chenyewe. Habari za asubuhi, za watoto, za shamba, mgonjwa anaendeleaje; katika hayo ndimo unamojua kwamba jirani hana mahindi, kwamba mtoto amefukuzwa ada, kwamba leo si siku ya kumdai. Sijui chombo kingine chochote kule nyumbani kinachosambaza habari hizo vizuri kuliko salamu. Ukiifupisha, umezima taarifa ya habari ya mtaa.

Jambo lililoniliza kweli ni ukosoaji. Rasimu ya kwanza ya tasnifu yangu ilirudi na maneno matatu pembeni ya sura ya pili: sura haina hoja. Hapakuwa na “umejitahidi”, wala “ila”. Nilikaa siku mbili bila kutoka chumbani, nikiwa na hakika kwamba msimamizi wangu ananichukia. Siku ya tatu tulikutana kwenye korido. Alikuwa amebeba keki, maana huku mwenye siku ya kuzaliwa ndiye anayewaletea wenzake keki, wala halishwi yeye. Akanikatia kipande kikubwa na kuuliza mama anaendeleaje, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia ameumwa. Kwake sura ya pili ilikuwa mbovu na mimi nilikuwa mgeni wa keki yake, na mambo hayo mawili hayakuwahi kukutana kichwani mwake.

Kwa muda mrefu nililiita jambo hilo ukosefu wa adabu, kisha nikaliita ukweli, kama wengi wanaorudi wakijisifu kwamba wamejifunza kusema ukweli. Sasa naona maelezo ni mengine. Huku anayekosoa kazi yako ana nafasi ndogo sana ya kuhitaji kitu kingine kutoka kwako. Hatakopa chumvi, hatakuwa mshenga wa mdogo wako, hatabeba jeneza la baba yako. Mnakutana kwenye kazi, na kazi ikiumizwa, hakuna kingine kinachoumia. Muheza mtu anayeniambia mbele za watu kwamba hoja yangu ni mbovu ndiye nitakayekaa naye jamvi moja msibani keshokutwa. Uhusiano mmoja unabeba mizigo sita. Lazima neno lifungwe katika kitambaa kabla ya kulitoa. “Umejitahidi, ila hapa pangetazamwa tena” ni neno lililopakiwa ili lisivunje vyombo vingine vilivyo ndani ya mzigo huohuo. Na kila aliyelelewa kwetu anajua kulifungua akakuta ndani yake: sura haina hoja.

Nina wasiwasi na nafsi yangu hapo. Juzi dada yangu alinitumia barua yake ya maombi ya kazi niipitie, nikamjibu kwa mistari minne ya makosa. Hakuandika tena kwa wiki moja.

Nani anamlipa shangazi?

Ghorofa ya chini ya nyumba niliyopanga anaishi bibi mwenye miaka 84. Anaishi peke yake. Kila asubuhi kigari cheupe kinaegesha mlangoni, muuguzi anaingia, anamwogesha, anamfunga soksi za kubana miguu, anaondoka baada ya nusu saa. Binti yake anakaa mji mwingine, anampigia kila Jumapili. Mwaka wa kwanza nilimhurumia bibi huyo kuliko mtu yeyote katika mji huu. Niliandika nyumbani kwamba huku mtu akizeeka anatupwa.

Tulianza kuzungumza kwa sababu ya chupa. Huku ukinunua maji au soda katika chupa ya plastiki unaacha rehani ya senti 25, unarudishiwa ukirudisha chupa, na mimi nilikuwa namsaidia kuzipeleka dukani. Siku moja aliniuliza habari za bibi yangu. Nikamwambia kwa fahari kwamba sisi hatuwaachi wazee. Bibi yangu anaoga, anakula na kulala mikononi mwa watu wake. Akauliza ni watu gani. Nikasema shangazi na binamu yangu wa kike. Akauliza: “Na shangazi analipwa na nani?”

Sikuwa na jibu, na sijalipata mpaka leo.

Muuguzi yule wa asubuhi hutokana na bima. Ujerumani ilianzisha bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883, bima ya ajali kazini 1884, na pensheni ya uzee na ulemavu 1889, chini ya Kansela Bismarck. Miaka 100 na zaidi baadaye, mwaka 1995, ikaongezwa bima ya uangalizi kwa wasiojiweza, ndiyo inayochangia kigari cheupe. Kila mwenye mshahara anakatwa. Na sheria haijamwachilia mtoto kabisa: mzazi akishindwa kulipia matunzo, mtoto anaweza kudaiwa, ila tangu mwaka 2020 anadaiwa tu akiwa na kipato cha zaidi ya euro 100,000 kwa mwaka. Kwa hiyo yule binti wa Jumapili hakumtupa mama yake. Anamtunza kwa makato ya kila mwezi yanayopita kwenye mfuko mmoja na makato ya mamilioni ya watu asiowajua, kisha anampigia simu kama mtoto asiyechoka, kwa kuwa kweli hajachoka. Nimemsikia akicheka na mama yake kwa simu kwa muda mrefu. Shangazi yangu na bibi hawakuwa wakicheka hivyo. Shangazi alikuwa hoi.

Miaka hiyohiyo ina upande wake mwingine kwetu. Mwishoni mwa 1884, mwaka wa bima ya ajali, Mjerumani Carl Peters alikuwa akizunguka Usagara, Uzigua, Ungulu na Ukami akikusanya mikataba ya kuinyakua ardhi, na Februari 1885 Dola ya Ujerumani ikampa hati ya ulinzi. Serikali ileile iliyokuwa ikimkinga mfanyakazi wake na uzee ilikuja baadaye kuwatoza babu zetu kodi ya nyumba. Hata neno tunalotumia kwa pesa lilibaki kutoka huko: heller ilianza kutumika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904, mia moja kwa rupia, nasi tukaiita hela. Shule nayo ni Schule. Kila mwisho wa mwezi natuma hela nyumbani kutoka nchi ya hela, na sijawahi kuifanya kazi hiyo bila kukumbuka.

Kwa nini natuma? Kwa sababu kwetu mfuko wa bima ni watu. Mchango wa harusi, mchango wa msiba, ada ya mtoto wa binamu, dawa za presha za mjomba: hayo ni makato yetu, isipokuwa hayaandikwi kwenye hati ya mshahara na hayana kiwango. Anayechangia leo amejikatia bima ya kesho, na asiyechangia anajulikana. Ndiyo maana mwanafunzi anayejitoa kwenye kundi la familia la WhatsApp ili apumue, na ninawajua kadhaa, anafanya jambo kubwa kuliko anavyodhani: amesitisha malipo ya bima pekee aliyonayo siku atakapotua.

Sisemi mfumo upi ni bora. Nasema tu kwamba wa kwao umempunguzia mwanamke mzigo mzito, na wa kwetu umembebesha shangazi bila kumuuliza. Na wa kwetu una jambo ambalo bibi wa ghorofa ya chini alilisema mwenyewe siku nyingine, akiwa dirishani: kwamba muuguzi ana nusu saa tu.

Kurudi

Neno mshtuko wa utamaduni lilienezwa katika miaka ya 1950 na mwanaanthropolojia Kalervo Oberg. Mwaka 1955 mtafiti wa Norway, Sverre Lysgaard, alichapisha matokeo ya mahojiano na Wanorway 200 waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walionekana kutotulia kuliko waliokaa muda mfupi zaidi na waliokaa muda mrefu zaidi. Ukiuchora mwendo huo unapata herufi U: furaha, kushuka, kupanda. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn wakaongeza bonde la pili, la mtu aliyerudi kwao, U ikawa W. Semina za wanafunzi wa kigeni huonyesha mchoro huo kama ratiba ya tramu, na hapo natofautiana nazo. Watafiti wa baadaye, Colleen Ward akiwa mmoja wao, waliwafuatilia wanafunzi tangu siku za mwanzo wakakuta kwamba hakuna fungate yoyote, yaani ile furaha ya mwanzo: wiki za kwanza ndizo zilizokuwa ngumu zaidi. Mimi nilianzia chini. Usiposikia furaha uwanjani siku ya kutua, hujaharibika.

Lakini lile bonde la pili ni la kweli, na chanzo chake kinaelezeka. Mwaka 1945 mwanasosholojia Alfred Schütz, Mwaustria aliyewakimbia Wanazi, aliandika juu ya askari wanaorudi nyumbani kutoka vitani. Mgeni, ndiyo maana ya maneno yake, anajua kwamba anaingia asipopajua. Anayerudi anaamini anaingia anapopajua, na ndipo anapoteleza. Nyumbani kumeendelea bila yeye. Naye ameendelea bila nyumbani. Kila upande umehifadhi picha ya siku ya kuagana.

Picha yangu ya Muheza ni ya mwezi nilioondoka. Ndani yake nauli ni ileile, mdogo wangu wa mwisho hajabalehe, mwembe wa uani upo. Mwembe ulikatwa mwaka jana. Niliambiwa, nikajibu “sawa”, na bado kila nikiwaza uani nauona.

Kuna jambo la pili, linalouma zaidi kwa kuwa halina dalili za kukuandaa. Huku nikikosea, ni mgeni, nasamehewa kabla sijaomba. Nikiwa Muheza nikisahau kusema karibu ninapokula, nikiingia kwenye shida yangu bila kumwamkia mzee shikamoo na kumuuliza habari, nikimwambia mgeni aliyepiga hodi kwamba angenijulisha mapema, hakuna atakayesema huyu ni mgeni. Watasema anajidai. Kosa lilelile, hukumu tofauti, kwa sababu mtoto wa nyumbani anatarajiwa kujua. Na nyuma ya hayo lipo swali la “umetuletea nini”, linalotuudhi wengi. Hilo silioni kuwa uchoyo. Walichanga nauli yangu ya kwanza. Wanauliza kama bado nimo kwenye mfuko. Kanga au chokoleti inajibu swali hilo vizuri kuliko maelezo yoyote ya ugumu wa maisha ya mwanafunzi. Katika kilo zangu 46 nimetenga 15 kwa zawadi, na kila kifungu kina jina la mtu.

Mambo ya ofisi ni mepesi, ila ukiyasahau yanakufuata. Anayehama kabisa Ujerumani lazima ajiondoe kwenye daftari la wakazi, kuanzia wiki moja kabla ya kuhama hadi wiki mbili baada yake. Hati anayopewa ndiyo inayomsaidia kusimamisha ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, ambayo isiposimamishwa inaendelea kuhesabika ukiwa umeshalala kwenu. Aliyefanya kazi za kuajiriwa na kukatwa asilimia 9.3 ya pensheni kwa chini ya miezi 60, na si raia wa Umoja wa Ulaya, anaweza kuomba arudishiwe mchango wake yeye, si wa mwajiri, baada ya miezi 24 tangu makato yalipokoma. Wengi wetu hatuombi. Vyeti hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwa utambuzi. Na ile karatasi ya mjomba ipo: vyuo vya Ulaya hutoa pamoja na cheti kiambatisho kinachoitwa Diploma Supplement, ambacho kinaeleza mfumo wa alama wa nchi husika. Kiombe kabla hujaondoka, kwa lugha atakayoielewa mwajiri, ukitoe nakala tano. Changu nimekiweka juu kabisa ya begi la mkononi.

Kilichobaki hakina fomu. Bibi alifariki mwaka wangu wa pili. Niliyaona maziko kwenye simu, mikono ya mtu ikitetemeka, sauti ikikatika, kisha nikaenda maabara kwa kuwa nilikuwa na miadi ya mashine ambayo isingepatikana tena kwa wiki tatu. Nyumbani walikaa matanga, wakasoma khitma, arobaini ikapita, wakaanua. Wamemaliza. Mimi ndiyo nitaanza, nikiwa katikati ya watu waliokwisha kufuta machozi, na hili ndilo ninalolihofia kuliko nauli mpya na mwembe uliokatwa. Nadhani sehemu kubwa ya kile tunachokiita mshtuko wa kurudi ni misiba ambayo tuliiahirisha.

Nilimwambia mama hivyo. Hakushangaa. Alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nane, akitaja nyumba saba ambazo zimefiwa nikiwa huku na utaratibu wa kuziingia. Kwanza makaburini kwa bibi, tutakwenda wote, shangazi ameshaambiwa. Kisha kwa mke wa mzee wa duka, niende asubuhi kabla wajukuu hawajatoka shule, maana saa hizo huwa peke yake. Kwa fundi baiskeli, aliyefiwa na mwanawe wa kiume niliyesoma naye darasa moja, nisiende nikiwa nimevaa nguo za safari. Kwa kila nyumba ametaja kiasi cha rambirambi na mambo ya kutosema.

Nimeyaandika yote kwenye daftari kwa mpangilio wake. Ndege ni Alhamisi, basi la Muheza ni Jumamosi alfajiri. Mwajiri mmoja wa Dar aliniuliza kama naweza kufika kwa usaili Jumatatu saa nne asubuhi. Nimemwomba anipe wiki inayofuata, nikamjulisha sababu. Siku hizo za mwanzo sijaweka miadi na mtu.